Pombe Iliyopikwa kwa Jina Langu

Mwaka wangu wa kwanza bila pombe niliumalizia Nzuguni, kwenye chumba cha fundi cherehani ambaye naye alikuwa ameiacha. Kila Jumamosi tulikutana hapo watu sita, tukanywa chai ya tangawizi na kuambizana ukweli. Dada yangu ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza. Alinishika mkono hadi mlangoni, akamwambia fundi, "Huyu ni mdogo wangu. Naomba unirudishie akiwa mtu." Kwa neno hilo ningemfuata popote.

Mvua zilipoanza nikarudi kwetu Mlali, kwenye shamba la mtama tuliloachiwa na mama. Palizi ikatushinda. Kule majirani hukusanyika kumpalilia mwenzao, naye huwalipa pombe ya mtama. Nilimwambia dada kwamba safari hii tutawapikia wali na nyama, na asiyetaka abaki kwake. Akaitikia vizuri tu, nikaenda zangu Nzuguni kwa wiki moja.

Niliporudi, harufu ilinipokea kabla sijafika uani. Naijua harufu hiyo kuliko ya wanangu. Nyuma ya jiko palikuwa na pipa lililofunikwa gunia, na dada amesimama na kata mkononi.

"Onja uniambie kama imeiva," alisema. "Wewe ndiye mwenye ulimi."

Ni kweli, zamani hakuna aliyepika kunizidi. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akanijibu, bila hata kuona haya, kwamba watu hawaji kulima kwa wali, na kwamba ameshawatangazia kuwa pombe nimepika mimi. Mate yalinijaa mdomoni. Nilimchukia yeye, nikauchukia na mdomo wangu. Nikatupa mzigo palepale, nikatoka hadi barabarani na kumpigia fundi simu huku nalia.

Siku ya palizi shamba lilijaa. Nilimwamkia mzee mmoja shikamoo, akanishika mkono kwa furaha. "Marahaba. Afadhali umerudi, mwanangu," alisema. Alidhani nimeirudia pombe; nikautoa mkono wangu, nikaenda kuchukua jembe. Dada aligawa vibuyu vya pombe bila kunitazama.

Jua likiwa limeshapanda wakaja wenzangu wa Nzuguni, wote watano, na majembe ya kuazima. Tukachukua kona yetu. Fundi wa watu hajui mtama wala gugu, alifyeka vyote. Nilimgombeza mpaka tukacheka.

Upande wa dada ulijaza magunia. Kona yetu ilitoa debe moja, na hilo nikalihesabu kuwa langu. Baada ya mavuno dada alikuja kwa sauti laini, akaniomba nimgawie kidogo aoteshe kimea cha pombe ya msimu ujao, apate kuwaambia watu tena kwamba ni yangu. Hakuwa ameniomba radhi hata siku moja. Nilimkaribisha chai. Alipoondoka nikalibeba debe langu hadi mashineni, nikasaga mtama wote, asije akapata hata punje moja ya kuotesha.