Msamaha wa Makaburini

Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya Bagamoyo, na kila mwisho wa mwezi alituambia maneno yale yale: "Wananikata kidogo cha akiba, na tajiri naye anatia kidogo chake. Siku nikiondoka, nyie hamtahangaika." Mama alikuwa ameshatangulia. Mimi, mkubwa wa watatu, niliacha shule ili nipike na kumlea kitinda mimba.

Homa ilimchukua baba ghafla. Tajiri alileta sanda, gunia la mchele, na lori la kuwapeleka wanaume makaburini. Sisi wanawake tulibaki nyumbani, kama ilivyo kwetu. Matanga yalipokwisha, wakubwa wakakata shauri: baada ya hitima ya arobaini, mdogo wangu wa kiume aende Saadani kwa baba mdogo, na yule mdogo kabisa achukuliwe na shangazi, Chalinze.

"Nipeni nafasi," niliwaomba. "Akiba ya baba ikitoka, nitawalea mwenyewe hapa hapa."

Shangazi aliguna. "Mwanangu, na kabla haijatoka watakula nini? Haya. Mpaka arobaini."

Nilikwenda Dar es Salaam, kwenye ofisi ya mfuko wa akiba. Karani alitafuta, akarudi akitikisa kichwa. Jina la baba lilikuwapo, lakini kwa miaka mingi hakikuingia kitu. Akanieleza polepole: mwajiri ndiye wa kupeleka mafungu yote mawili, lile alilomkata mfanyakazi na lile la mfukoni mwake. Asipopeleka, hapana cha kutoa.

"Kamwone yeye," alisema.

Tajiri alinipokea vizuri, akaniagizia chai. Nyapara alikuwa amesimama mlangoni.

"Alichokatwa baba yako nitakitoa," tajiri alisema. "Hicho ni jasho lake. Lakini fungu langu mlishanisamehe."

"Nani kakusamehe?"

"Baba yako mdogo. Makaburini, mbele ya watu. Nyapara si huyu hapa? Muulize."

Nyapara akaitikia kwa kichwa.

Hapo nikaelewa. Kwetu, maiti akishazikwa, mmoja wa jamaa husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu aje kwake. Baba mdogo, kwa kuliona lile lori na ile sanda, moyo ukamjaa, akaongeza: na yeyote aliyekuwa na deni la marehemu, tumemsamehe. Alifikiria samaki na nazi za mkopo. Hakujua kwamba anasamehe chakula cha wanawe.

"Mie sikuwepo makaburini," nilisema. "Sikusamehe. Na wadogo zangu hata kusamehe hawajakujua."

"Loo!" nyapara akacheka. "Huyu angezaliwa mwanamume, angekuwa wakili!"

Tajiri hakucheka. "Na sanda nayo mtanirudishia? Kunywa chai yako, binti, uende nyumbani."

Sikuigusa.

Baba mdogo aliposikia, alikaa chini pale pale uani, mikono kichwani. "Nilitaka ndugu yangu alale salama," alisema. "Basi." Kesho yake tulikwenda pamoja kwa afisa kazi, akakiri mbele yake kwamba mali ya yatima haikuwa yake kuisamehe. Afisa alisema sheria haina habari na msamaha wa makaburini. Tajiri atalipa yote mawili. Ila mambo haya huchukua muda.

"Muda gani, mzee?" niliuliza. "Mimi nina mpaka arobaini."

Aliandika jina la baba kwenye faili, akalifunga.

Arobaini ikafika. Hitima ikasomwa, wali ukaliwa. Mdogo wangu wa kiume aliondoka na baba mdogo bila kugeuka nyuma. Shangazi alifunga nguo za yule mdogo kwa kanga ya mama. Mtoto alidhani tunasafiri sote. Garini alipigapiga kiti kando yake, akinishikia nafasi, mpaka gari likaondoka.

Akiba ilikuja kutoka, fungu la tajiri likiwemo, wakati yule mtoto ameshaanza kung'oka meno ya mbele. Siku ile ile nilikwenda Chalinze kumchukua. Alitoka ndani, akanivutia kigoda, akaniamkia kwa adabu. Kisha akaniuliza, kama aulizwavyo mgeni yeyote:

"Utalala, au unarudi?"