Reli ya Jikoni kwa Mama Mkwe

Nina wivu leo mpaka chai haipiti.

Mnajua nimeanza kujifunza uhunzi hapa nyumbani Magomeni, kwa kujifurahisha tu. Kinachonikwamisha ni fuawe, lile chuma zito la kufulia juu yake. Za dukani bei siiwezi. Kwa wauza vyuma chakavu nimeambulia bamba ambalo ukiligonga linalia kama sufuria yenye ugali.

Asubuhi hii Hamisi, mwanyumba wangu aliyemuoa mdogo wa mke wangu, kanitumia picha. Kipande cha reli ya treni, fuawe tosha! Kinene, uso umesuguliwa unang'aa.

Na uhunzi wenyewe kauiga kwangu!

"Umekitoa wapi?"

"Kwa mama, kule Nanyamba. Alikuwa anabangulia korosho."

Mama huyo ni mama mkwe wetu sote. Na korosho ni zile zile ninazoletewa sebuleni kila nikienda, nakula, nashukuru, naongezwa!

Nikampigia. Shikamoo, habari za shamba, nikazunguka weee, mwisho nikauliza.

"Jamani baba Zuhura," akasema, "mbona hicho chuma kipo jikoni tangu sijamzaa mkeo? Hamisi akija huingia tu, anakaa, tunabangua wote. Wewe una adabu, mwanangu. Hujawahi kuvuka mlango wa sebule."

Yaani kanisifu!

Sasa hivi Hamisi katuma na sauti akikigonga. Ngaa, ngaa, kama kengele ya shule.

Asiye na adabu kapewa reli, mimi nimepewa sifa. Haya, wakwe wenye adabu mliomo humu, niambieni: kisu kinafuliwa juu ya sifa?