Fomu Niliyotia Saini Bila Kusoma

Niliacha shule darasa la sita, lakini mwezi uliopita jirani zangu wa Namuwongo, hapa Kampala, walikuwa wakiniita "Dokta", nami sikumsahihisha mtu. Nilikuwa nikimtembeza Ingrid, mtafiti wa sayansi ya siasa kutoka Ulaya, nyumba kwa nyumba, akiuliza nani ana nguvu mtaani kwetu. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri na kubeba fomu za kukubali kuhojiwa. "Usitie saini usichosoma, ssebo," nilimwonya kila mzee, kidole juu.

Siku ya kwanza Ingrid alinipa fomu yangu pia. "Isome kwanza," akasema.

"Sisi wa kazini tunajuana," nikamjibu, nikatia saini kwa madoido kama waziri. Nilidhani ni mkataba wa ajira.

Alipokwenda kueleza utafiti wake chuoni, nilimchukua Mama Akinyi, Mkenya anayeuza chapati jirani yangu, aje anione nikitambulishwa. Niliazima tai. Tulikaa mstari wa mbele.

"Mhusika mkuu wa utafiti wangu," Ingrid akaanza, "ni Bwana K., kiongozi ambaye hakuchaguliwa na mtu. Huwajibia watu kabla hawajafungua mdomo, na huwafokea wazee kuhusu fomu."

Nikamnong'oneza Mama Akinyi, "Huyo K. ana kiburi! Sijui alimtoa wapi."

Aliitazama tai yangu, akanitazama usoni. "Dokta," akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, "wewe fomu yako uliisoma?"