Mama Pindo na Bolti ya Tatu

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu nguo yoyote iliyofumuka pindo ilipelekwa kwake, na ilirudi ikiwa imepindwa vizuri, pamoja na maneno mawili matatu kuhusu mwenye nguo. "Suruali haikufumuka yenyewe, baba. Tumbo lako ndilo lililoifukuza." Watu walicheka, wakavaa, wakarudi tena. Cherehani yake ilikaa barazani, na miaka thelathini ya kuikanyaga ilikuwa imempa ndimi mbili: mmoja mdomoni na mwingine kwenye ncha za vidole. Umeme ukikatika hakuinuka kutafuta mshumaa. Aliendelea kwa kupapasa, na kesho yake hakuna aliyeweza kusema ni mshono upi ulioshonwa gizani.

Mumewe aliitwa Breki. Maisha yake yote alikuwa dereva wa magari ya mizigo, na wenzake walimpa jina hilo kwa utani, maana hatari ikiwa bado kule mbali yeye alikwisha kuanza kukanyaga. Kiharusi hakikumpa nafasi ya kukanyaga. Kilimpata miezi mitano iliyopita, kikamwachia ulimi, kikamwachia miguu ya kujikongoja, lakini mkono wa kushoto ukabaki unaning'inia kama mkono wa koti lililotundikwa msumarini. Tangu hapo alikuwa mtu wa kiti kimoja, karibu na dirisha, akilitazama gari lake uani.

Gari nalo lilikuwa gonjwa. Stata yake, ile mota inayoiamsha injini, ilikufa hata kabla bwana wake hajaugua. Ukizungusha ufunguo ilisema "tik", ikanyamaza kama mtu aliyeulizwa swali la aibu. Stata mpya ilikuwapo, ndani ya boksi chini ya kitanda. Breki alitaka kuifunga mwenyewe, kwa kuwa hakuwahi kumruhusu fundi mwingine afungue boneti ya gari lile. Ndipo kiharusi kikabisha hodi.

Sasa siku ya Jumatano mdogo wake Breki, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuja kumjulia hali. Alipokuwa akiaga, Breki akamwambia, "Jumamosi saa tisa njoo na lori lako, ulibebe. Gari halitembei, dereva hatembei, tunawekeana nini?"

Mama Pindo alikuwa na pini mdomoni, ndiyo maana hakujibu papo hapo. Gari lenyewe hakulipenda. Lilimlia nafasi ya kuanika nguo. Lakini alimjua mumewe. Kutwa nzima kitu kimoja tu ndicho kilichomnyanyua kitini: kwenda kulifuta gari vumbi kwa ule mkono mmoja. Likiondoka, kiti kile hakitamwachia tena.

Jumamosi asubuhi, vikombe vya chai havijatolewa mezani, aliinama akavuta boksi uvunguni.

"Unalipeleka wapi hilo?" Breki aliuliza.

"Kwenye gari. Au ulilinunua liwe mto?"

"Mama watoto, stata ya gari lile iko nyuma ya injini, imebanana na ukuta, juu yake mabomba ya hewa. Mafundi wenyewe wanaikimbia. Mkono haupiti."

"Mkono wako ndio haupiti. Wangu mimi umegeuza mikono ya magauni ya vichanga. Wewe toa kichwa, mimi nitoe mkono."

"Na ukiliharibu?"

"Si linakwenda kwenye vyuma chakavu saa tisa? Nitakuwa nimewasaidia kulivunja."

Breki alishika ukingo wa kiti. Akainuka.

Alikaa kwenye kigoda kando ya gurudumu la mbele, sanduku la spana mapajani, na mara ile sauti yake ya barabarani ikarudi. "Waya wa betri kwanza! Ule wa hasi. Ukikaidi hapo, cheche zitakunyoa nyusi."

Akautoa. Kisha likafuata bomba kubwa la hewa, na vifungo vyake, na kikombe cha plastiki ambacho Breki mwenyewe hakujua kazi yake. Kila kilichotoka Mama Pindo alikiandika namba kwa chaki ya kushonea, akakilaza juu ya shuka kuukuu kwa mpangilio, kama anavyopanga vipande vya koti kabla ya kuunga.

"Fundi gani huyo anayeandika namba?" Breki alimcheka.

"Fundi asiyebakiwa na skrubu mkononi akasema zilikuwa za ziada."

Baada ya hapo akalala kifudifudi juu ya injini, shavu kwenye chuma, mkono umezama hadi kwapani. Jirani aliyechungulia juu ya ukuta aliuliza kama gari limemmeza. "Limenionja tu," alijibu, "limesema nina chumvi."

Hakuona kitu. Macho hayakuwa na kazi kule nyuma. Alipapasa pole pole: hili joto la jua, hii hosi ya maji, huu ubavu wa injini, hii hapa stata, duara kama kopo. Juu yake kichwa cha bolti. Breki akampa spana ya soketi yenye mpini mrefu, akamweleza pa kuweka nguvu, naye akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Bolti ikalia *kwi*, ikalegea. Ya chini ilimsumbua saa nzima na kumchuna ngozi ya vifundo viwili, lakini nayo ikatoka.

"Basi," Breki alisema. "Ni mbili tu. Ivute."

Akavuta. Stata haikutikisika.

"Ni kutu hiyo. Igonge na nyundo."

Akagonga. Wapi! Akagonga tena. Breki alianza kupandisha sauti, kwamba hagongi bali anabembeleza, kwamba chuma si hariri. Mama Pindo akaweka nyundo chini.

"Kitu kikigoma kiasi hiki hakijashikwa na kutu. Kimeshonewa." Akarudisha mkono, safari hii hakutafuta, aliacha vidole vitembee vyenyewe, hadi kwenye kitako cha stata, upande wa ukutani. "Kuna bolti ya tatu huku."

"Hakuna."

"Ipo. Ina kibati kimeinama hivi, na nati nyuma yake."

"Mke wangu, gari hili nimelifungua mimi mara ngapi? Zilitoka kiwandani mbili. Mbili!"

"Vya kiwandani sivijui. Kidole changu kinahesabu tatu."

Breki alitikisa kichwa kwa dharau, kisha kichwa kikaacha kutikisika. Alitazama chini kati ya miguu yake. Mama Pindo, shavu bado kwenye chuma, alimwona uso ukimbadilika.

"Kile kibati," alisema kwa sauti ndogo, "nilikitengeneza mimi. Mwaka ule stata ilipokuwa inatetemeka. Nilikikata mwenyewe kwa msumeno. Nimekisahau kabisa. Kumbe hata kichwa kimekwenda na mkono. Mwambie mdogo wangu aje mapema."

Alishika ukingo wa gari, akataka kusimama.

"Kaa chini," mkewe alisema. "Mimi juzi nimeshona mfuko wa suruali nikaufunga mdomo, mwenyewe akaja kuniuliza atie mikono wapi. Nilitupa cherehani? Nilifumua. Haya, nipe spana ya hii kitu yako."

"Namba sijui tena."

"Sijakuuliza namba. Nimesema nipe."

Mkono wa kulia wa Breki uliingia sandukuni, ukasukuma spana hii, ukaruka ile, ukatoka na moja fupi iliyolika mdomo. Hakuwa ameangalia. Alimpa.

Ikaingia kwenye nati kama kidole kwenye pete.

"Kumi na mbili," Breki alisema, namba ikimrudia kichwani spana ikiwa tayari imeshaingia. Halafu akaongeza: "Zungusha kidogo kidogo. Inakuja kwa robo."

Kwa robo ikaja. Stata kuukuu ilitolewa kwa mikono miwili, nzito, nyeusi, kama mtoto aliyechelewa kuzaliwa. Mpya ikaingia, na kibati kikarudishwa, na safari hii Breki ndiye aliyekumbusha. Waya mnene, waya mwembamba, mabomba kwa namba zake kutoka mwisho kuja mwanzo. Shuka likabaki tupu. Waya wa betri ulikuwa unakazwa lori la mdogo wake lilipoingia kinyumenyume getini, minyororo ikilia nyuma.

"Shemeji!" mdogo mtu alishangaa. "Mbona umekuwa mweusi hivyo? Umepigana na nani?"

"Na kaka yako. Nimemshinda. Ngoja hapo hapo."

Breki alijivuta hadi kiti cha dereva, akaingia mguu mmoja mmoja. Akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa mara moja, ikawaka, ikatulia kwenye mngurumo wake. Mdogo mtu alipiga makofi. Mama Pindo hakupiga. Alikuwa anautazama ule mkono wa kushoto. Breki aliuinua kwa wa kulia, akauweka juu ya gia, akangoja. Vidole havikushika. Mkono ukateleza, ukaangukia kitini.

Injini iliendelea kunguruma.

Kisha Breki akaanza kushuka, mguu mmoja mmoja, akaizunguka boneti iliyo wazi akiishikilia, akafungua mlango wa upande wa pili, akakaa, akafunga mkanda.

"Funga boneti, uje ukae hapo," alimwambia mkewe, akionyesha usukani.

"Mimi? Una akili timamu kweli wewe? Sijui hata pa kukanyaga!"

"Miaka thelathini unakanyaga cherehani, leo hujui kukanyaga? Hapo kuna pedeli tatu tu. Zimetoka kiwandani tatu, nina hakika."

Mama Pindo alifuta mikono kwenye gauni, akafunga boneti, akaingia. Na shemeji yake, alipomwona ameshika usukani kwa mikono miwili na kuangalia mbele kwa hasira, alikimbilia lori lake kuliondoa getini.