Mngurumo Baada ya Wimbo

Juzi, kwa fundi wa redio pale Nunguni, nilikuta wanaume wawili wakibishana kama stima chafu, yaani umeme usiotulia, inaweza kuharibu sauti ya spika. Niliondoka kabla hawajamaliza.

Ubishi huo niliwahi kuusikia kwetu Kasikeu nikiwa mtoto, alasiri moja baada ya mazishi ya mama. Sebule ilinuka vumbi linaloungua ndani ya redio kuukuu. Baba alikuwa ameweka kaseti ya kwaya ya kanisa, ambamo mama ndiye aliyeanzisha nyimbo. Sauti yake ilifunikwa na mngurumo.

“Redio imezeeka,” baba akasema.

“Si redio, shemeji,” akajibu Mjomba Mutiso, kaka yake mama. “Ni stima. Laini yako ni moja na ya kinu cha kusaga unga.”

Wimbo uliisha, mngurumo ukabaki. Mimi nilikuwa nimeegemea spika, nimetulia kabisa. Mama hakuanzisha wimbo bila kunguruma kwanza, midomo imefungwa, akitafuta sauti. Sasa najua ilikuwa stima tu. Siku hiyo nilijua ni yeye, anatafuta wimbo unaofuata, kwa hiyo sikuona sababu ya kulia.

Mjomba akaleta betri ya gari lake, wakaunganisha nyaya kwenye redio badala ya stima. Mama akaimba vizuri kama aliye jikoni. Wimbo ulipoisha, spika ikanyamaza kimya.

“Umeona, shemeji?” mjomba akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kulia.