Boriti za Nyumba ya Mwalimu

Mwalimu wangu wa darasa la tano siku hizi ni mtu mkubwa, ingawa hayuko tena duniani. Wageni hutoka mbali kuja kuona alikosomesha, alikoishi na mikoko aliyoirudisha kule kwetu Junda. Niliporudi Kisauni kutembea nikajiunga nao, nikijiona mwenyeji kuliko hata mama aliyekuwa akitutembeza.

Tulianzia shuleni, Frere Town. Darasa letu limepakwa rangi mpya, hata sikulipenda. Humo mwalimu alikuwa akiingia na kikapu cha mbegu za mikoko, ndefu kama penseli, kisha akitupeleka Junda kuzipanda, tope hadi magotini. Mara ya kwanza nilizipanda zangu kichwa chini miguu juu. Alicheka mpaka akashika kiuno.

Nyumbani kulikuwa na habari nyingine. Baba yangu alikuwa mkataji boriti. Mikoko kama hiyo tuliyoipanda ndiyo aliyoikata, akaiuza kwa wajenzi, na kila akikutana na mwalimu walibishana. Akiiona sare yangu ilivyochafuka, alisema, "Tope la Junda mimi nalijua kumshinda huyo mwalimu wenu." Kisha akaniosha miguu mwenyewe, kidole baada ya kidole. Mpaka leo naikumbuka mikono ile, na nikiikumbuka nalia.

Kwa hiyo tulipofika Junda, na mama yule akasema hapo palibaki peupe kwa sababu ya wakataji, maadui wa mikoko, damu ilinichemka. Wageni wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini yule mama hakusema uongo. Baba alikata kweli, nami nililishwa na kusomeshwa kwa miti ile. Nikatikisa kichwa pamoja na wageni, nikajionea haya.

Mwisho tukaingia nyumbani kwa mwalimu. Wenzangu wakaangalia kiti chake na miwani yake. Mimi niliangalia juu. Dari yote ilikuwa ya boriti za mikoko, zimenyooka, zimepangwa vizuri.

"Mama, hizi alizipata wapi?" nikamuuliza aliyetutembeza.

"Wewe wa kwanza kuniuliza," akasema. "Alikatiwa na mzee mmoja wa Junda. Mwalimu mwenyewe alitusimulia, walikuwa wakibishana kila siku ya Mungu. Lakini mzee huyo ndiye aliyemfundisha mkoko upi wataka maji mengi na upi wapandwa ukingoni. Kabla ya hapo, kila alichopanda kilikufa."

"Ni nani huyo?"

"Jina lake hatukuliandika."

Junda nzima, mtu aliyebishana na mwalimu kila siku alikuwa mmoja tu, nami nilikuwa nikilala nyumbani kwake.

Tulipokuwa tukitoka nikapewa kitabu cha wageni. Nikaandika jina la baba yangu kamili, na la babake, na la babu yake. Anakotoka: Junda. Kwenye safu ya kazi nikakaza kalamu: mkataji boriti.