Mfaransa Kwenye Dungu la Mama

Rafiki yangu Mfaransa alikuja Ifakara kumalizia riwaya. Tulifahamiana nilipokuwa nasoma nje. Kwao anafundisha falsafa sekondari, na riwaya huziandika wakati wa likizo. Safari hii alikuwa ameomba likizo ndefu, akaniomba chumba kimoja tu chenye utulivu. Nikamwambia njoo, kwetu hakuna kelele. Nilikuwa nimemsahau mama yangu.

Siku ya kwanza mama alimuuliza kazi yake. Mgeni, ambaye Kiswahili alijifunza kwenye simu, akajibu, "Ninafundisha vijana kufikiri, mama."

"Kwani wanakuja shuleni hawafikiri?"

"Wanafikiri. Mimi ninawauliza, kwa mfano, kama ni lazima mtu awe na furaha."

Mama akanigeukia. "Na wazazi wao wanalipa ada?"

Kesho yake mgeni akajifungia kuandika. Mama alichungulia dirishani, akarudi jikoni na uso wa msiba.

"Mwenzio anaumwa. Amekaa anatazama ukuta, mdomo unamchezacheza."

"Anaandika, mama."

"Mbona kalamu iko mezani?"

Akawatangazia majirani. Wakaanza kumiminika, huyu na ndizi, yule na uji, wanakaa kitandani kwa mgeni na kumpa pole. Alipouliza pole ya nini, akaambiwa ya upweke. Wiki nzima hakuandika ukurasa hata mmoja.

Ukafika wakati wa kuamia ndege shambani kwetu Mchombe, kuwafukuza wasimalize mpunga unaoiva. Mgeni akaomba kwenda. Mama akamwonyesha dungu, kile kichanja kirefu cha miti anachokaa mlinzi, na kamba yenye makopo, ya kuvuta ili yapige kelele ndege wakitua. Mgeni macho yakamng'aa: hapa mtu akikaa peke yake, watu husema yuko kazini.

Akapanda na daftari. Tulipomfuata mchana, ndege walikuwa wanakula raha mustarehe, naye kainama anaandika.

"We mwanangu!" mama akapiga ukelele. "Ndege!"

Maskini alishtuka, kamba akaisahau. Akasimama, akaanza kuwasomea ndege kile alichokuwa akiandika, kwa sauti ya darasani, Kifaransa kitupu. Wakaruka wote.

Mama akawasindikiza kwa macho. "Endelea," akasema.

Tangu hapo akawa anaandika aya, anasimama, anaisoma kwa nguvu. Aliniambia hajawahi kupata wasikilizaji wakali vile, maana aya ikipoa ndege hawabanduki, inabidi aiandike upya. Jirani wa shamba la pili akaja kulalamika kwamba ndege wote wamehamia kwake, kisha akauliza kama mgeni anaweza kuazimwa.

Riwaya ilikwisha kabla hatujavuna. Mwaka uliofuata kitabu kikatufikia. Mama alikigeuzageuza, akaniuliza kinahusu nini. Nikamwambia ni habari za mwanamke wa mjini aliyechoshwa na mumewe.

"Mpunga haumo?"

"Haumo, mama."

"Kala wali wetu msimu mzima," mama akasema, "hata punje moja hajaiandika?"